Fedha Iliyochakachuliwa kwa Amri ya Mfalme



Sarafu ninayowaletea jioni hii haitamfurahisha mtu anayependa vitu vinavyong'aa. Ni kipande chembamba, hakijakaa duara sawasawa, uzito wake ni gramu moja na ushei, rangi yake iko kati ya kijivu na wekundu wa shaba, na maandishi ya ukingoni yamekatika nusu. Inaitwa blanca. Iligongwa kwa nyundo katika ufalme wa Castilla, huko Hispania, zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Watu wakitajiwa sarafu za kale za Hispania, akili huruka hadi kwenye vipande vizito vya fedha vya Amerika, meli zilizozama na maharamia. Hizo zina wapenzi wake, na zina bei zake pia. Mimi nataka tukae na hili kopo jingine, ambalo muuza sarafu huliweka pembeni ya meza ili uchakure na kuchagua mwenyewe kwa euro chache kila kipande.

Madini ya sarafu hizi Wahispania huyaita vellón: shaba nyingi, fedha kidogo. Yaani ni fedha iliyochakachuliwa, kama tunavyosema petroli imechakachuliwa kwa mafuta ya taa, isipokuwa hapa mchakachuaji si mwenye kituo cha mafuta cha uchochoroni. Ni mfalme mwenyewe, tena kwa amri iliyoandikwa, ikatiwa muhuri na kusomwa hadharani.

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu ujanja wake hauonekani. Mafundi wa Castilla waligawa fedha safi kabisa katika chembe 288, na kila sarafu ikahesabiwa ina chembe ngapi kati ya hizo. Tarehe 13 Juni 1497, pale Medina del Campo, Malkia Isabel na mumewe Fernando walitoa amri kubwa ya kupanga upya fedha zote za ufalme. Reale ya fedha ikapewa chembe 268, ambayo ni fedha nzuri kwa kipimo chochote. Blanca ikapewa chembe 7. Saba, wasikilizaji, kati ya 288. Kutoka katika uzito wa gramu zipatazo 230 zilitoka blanca 192, na ukipiga mahesabu, fedha iliyomo ndani ya blanca moja haifiki sehemu tatu za mia za gramu. Na hao ndio watawala waliosifiwa kwa kurudisha adabu katika sarafu! Waliowatangulia na waliowafuata walikuwa na rekodi mbaya zaidi.

Unaweza kuuliza, sasa hiyo sarafu ilipataje kuonekana ni ya fedha? Hapo ndipo fundi alipoonyesha ujuzi wake. Vipande vya madini vilipashwa moto, kisha vikachemshwa katika maji yenye chumvi na ule ukoko mchachu unaoganda ndani ya mapipa ya mvinyo. Uchachu ukala shaba ya juujuu na kuiacha fedha, kipande kikatoka na ngozi nyeupe. Kadiri wafalme walivyozidi kupunguza fedha, ndivyo ngozi hiyo ilivyozidi kuwa nyembamba na kuchubuka mapema. Ilianza kuchubuka pale palipoinuka kuliko pengine, na kwenye sarafu yenye sura ya mtu palipoinuka ni pua. Waingereza walilijua hilo vizuri: mfalme wao Henry VIII alipochakachua fedha yake katika karne ya 16, pua yake ikawa nyekundu kwenye sarafu na wananchi wakambandika jina la Pua ya Shaba. Mfalme angeweza kumfunga mdomo kila mtu, ila pua ikamwumbua.

Baada ya kuchemshwa, ndipo nyundo ikafanya kazi. Muhuri mmoja wa chuma ulikazwa kwenye gogo au fuawe, kipande kikawekwa juu yake, muhuri wa pili ukashikwa kwa mkono na kupigwa. Mkono ukiteleza, picha hukaa upande. Ikirudiwa kupigwa, mfalme anapata pua mbili. Tena vipande havikupimwa kimoja kimoja. Kilichopimwa ni fungu zima: mradi blanca 192 zimetimiza uzito unaotakiwa, hakuna aliyejali hii ni nene na ile ni nyembamba. Kwa hiyo mkusanyaji wa leo anayeweka blanca kwenye mizani na kukuta imepungua robo gramu asikimbilie kusema ni ya bandia. Ilizaliwa hivyo.

Sasa tuje kwa wafalme wenyewe. Uchakachuaji Hispania haukuanza na mmoja. Alfonso wa Kumi, yule aliyesifiwa kwa elimu, sheria na falaki, naye alipunguza fedha katika sarafu zake karne ya 13 alipokuwa akigharamia vita na ndoto ya kuwa Kaisari wa Ujerumani. Lakini ninayempenda kuliko wote, nikimaanisha kumpenda kama mkusanyaji, ni Enrique wa Pili.

Machi 1369, Enrique alimuua Mfalme Pedro, ndugu yake wa baba mmoja, pale Montiel, akachukua kiti. Kiti alikipata kwa msaada wa askari wa kukodiwa chini ya Mfaransa Bertrand du Guesclin, na watu wa namna hiyo hawaondoki hadi walipwe. Hazina haikuwa na kitu. Enrique akaamuru zigongwe sarafu za vellón zinazopewa thamani kana kwamba ni za fedha nzuri. Mojawapo ni cruzado: upande mmoja kichwa cha mfalme chenye taji, upande wa pili msalaba, na katika pembe za msalaba herufi E, N, R, I za jina lake. Nyingine ilikuwa reale ya vellón, iliyotangazwa kuwa na thamani ya maravedí tatu, maravedí ikiwa ndicho kipimo cha kuhesabia pesa Castilla. Askari wakalipwa na kuondoka zao. Sarafu zikabaki kwa waoka mikate, wachinjaji na wakulima, bei za vitu zikapanda, na mwaka uliofuata mfalme huyohuyo akatangaza kwamba ile reale ya maravedí tatu sasa ni ya maravedí moja. Aliyelala na tatu akaamka na moja, na sarafu mkononi ni ileile.

Mwanawe, Juan wa Kwanza, alifuata nyayo za baba kwa staili ya ucha Mungu zaidi. Mwaka 1385 alishindwa vibaya na Wareno pale Aljubarrota, kisha akajikuta anadaiwa fedha nyingi na John wa Gaunt, mtawala wa Lancaster, Mwingereza aliyedai kiti cha Castilla kwa haki ya mkewe. Mwaka 1388 walipatana: binti wa Lancaster aolewe na mrithi wa Castilla, na baba yake apewe faranga 600,000 za dhahabu. Sarafu iliyotolewa katika shida hizo ni miongoni mwa nzuri kabisa kutazama katika kundi lote la vellón. Upande mmoja ina herufi ya mfalme yenye taji. Upande wa pili ina mwanakondoo amebeba bendera, amezungukwa na maneno ya Kilatini ya sala ya misa inayomwomba Mwanakondoo wa Mungu aondoaye dhambi za ulimwengu. Nimezitazama nyingi kwa lenzi, na kila mara najiuliza kama aliyechora muhuri ule alikuwa mtu wa dini au mtu wa dhihaka. Mfalme anaandika maombi ya toba juu ya kitu ambacho chenyewe ndicho dhambi.

Kisha akaja Enrique wa Nne, aliyetawala 1454 hadi 1474, na hapo utaratibu ukavunjika kabisa. Kugonga sarafu ilikuwa haki ya mfalme katika miji michache. Enrique, akihitaji marafiki katikati ya waasi, aliwagawia wakubwa haki hiyo, hata waandishi wa zama zile wakasema viwanda vilifika kama 150. Kila mwenye kiwanda akatia fedha kiasi kilichompendeza, na wengine hawakutia hata chembe. Ikafika wasafiri wakakataliwa chakula kwa sarafu hizo, watu wakarudi kubadilishana bidhaa kwa bidhaa. Mwaka 1471 mfalme alilazimika kufunga viwanda vya watu binafsi na kubakiza sita: Burgos, Toledo, Sevilla, Segovia, Cuenca na La Coruña.

Kwa mkusanyaji, amri hiyo ya 1471 ni neema. Kuanzia hapo alama za miji zinasomeka bila utata: B kwa Burgos, T kwa Toledo, S kwa Sevilla, bakuli kwa Cuenca, kombe la baharini kwa La Coruña, nchi ya mahujaji wa Mtakatifu Yakobo, na kwa Segovia daraja la maji la Waroma ambalo limesimama mjini pale hadi leo. Mtu anaweza kukusanya blanca sita za mfalme mmoja, moja kwa kila mji, kwa gharama isiyozidi simu ya wastani. Kazi itakayomtesa ni kupata ile ambayo nyundo ilikubali kuigonga alama mahali pake.

Karne mbili zilizofuata ndizo zenye kitendawili. Mwaka 1545 Wahispania waliupata mlima wa Potosí, katika nchi ambayo leo ni Bolivia, na fedha ikaanza kuvuka bahari kwa meli kila mwaka. Hakuna taifa la Ulaya lililowahi kupokea fedha kiasi kile. Basi ungetarajia mwananchi wa Castilla awe na fedha mfukoni. Hapana. Fedha ya Potosí ilishuka Sevilla na kuondoka upesi kuelekea kwa wenye benki wa Genoa na kwa majeshi ya mfalme huko Flanders, na sehemu yake ikaishia Uchina. Mwaka 1552 blanca ilipunguzwa tena, ikabaki na chembe tano na nusu. Mwaka 1599 Felipe wa Tatu akaona hata hizo ni upotevu, akaruhusu sarafu za shaba tupu. Mlima mzima wa fedha ulikuwa mali ya mfalme wao, na wao wakanunua mkate kwa shaba.

Shaba tupu haikumtosha. Mwaka 1602 sarafu zikapunguzwa uzito hadi nusu bila kupunguziwa thamani. Mwaka 1603 ukaja ujanja mpya: peleka sarafu zako za zamani kiwandani, zitapigwa mhuri mwingine juu ya ule wa kwanza. Ya maravedí mbili itakuwa nne, ya nne itakuwa nane. Wewe utarudishiwa thamani uliyokuja nayo, na nusu nyingine, ile iliyozaliwa kwa kishindo cha nyundo, ni ya mfalme.

Kuna padri mmoja Mjesuiti, Juan de Mariana, mzee wa miaka sabini na kitu, ambaye hakunyamaza. Mwaka 1609 alichapisha mjini Cologne, kwa Kilatini, maandishi juu ya kubadilishwa kwa sarafu. Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka sokoni kama ilivyokuwa rahisi kueleweka chuoni: mali ya raia si mali ya mfalme, kodi haitozwi bila ridhaa ya watu, na kupunguza thamani ya sarafu ni kutoza kodi kwa siri. Alikamatwa, akashtakiwa, akafungiwa katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Fransisko mjini Madrid. Mimi huona kwamba mtu akiwa na sarafu moja ya 1603 yenye mihuri miwili, na akaisoma hoja ya Mariana, hahitaji kitabu kingine cha uchumi kuelewa mfumuko wa bei.

Mihuri haikuishia hapo. Mwaka 1628 serikali ya Felipe wa Nne ilikata thamani ya vellón kwa nusu. Mwaka 1636 ikaamuru mhuri mpya wa kuzidisha mara tatu: ya nne ikawa 12. Mwaka 1641 mihuri mingine tena. Septemba 1642, vipande vya 12 vikashushwa ghafla hadi 2. Katika miaka ya 1650 wakaanza upya. Mihuri mingi ya wakati huo ina mwaka wake, kwa hiyo kipande kimoja kinaweza kubeba tarehe mbili tatu zilizokanyagana, namba za Kirumi zikipanda na kushuka, na chini kabisa ya fujo hiyo kuna ngome na simba wa Felipe wa Pili, ambaye kwenye vipande vyake alitia fedha kiasi cha haja. Kuzisoma tabaka hizo ni raha isiyo na mfano. Unaigeuza sarafu chini ya taa inayomulika kutoka ubavuni, kivuli kinalala kwenye mikwaruzo, na herufi iliyokuwa imefichika inajitokeza. Vumbi, jasho na dua za kutosha.

Wezi nao walikuwepo. Mhuri unapoongeza thamani kwa nyundo tu, kila mwenye nyundo ni mfalme mdogo. Sarafu za bandia zilitengenezwa ndani ya nchi na nyingine zikaingizwa kwa magendo kutoka nje, ijapokuwa adhabu ilifika hadi kifo. Leo bandia hizo za wakati ule zinakusanywa kwa heshima kamili, na wapo wanaozipenda kuliko za serikali.

Hata kule mlimani kwenyewe uchakachuaji uliingia. Mwaka 1649 iligunduliwa kwamba kiwanda cha Potosí kilikuwa kimetoa kwa miaka kadhaa reale nane, vile vipande vizito vya fedha vya Amerika, zenye fedha pungufu. Mfanyabiashara tajiri, Francisco Gómez de la Rocha, alitajwa kuwa kichwa cha mpango huo, akauawa mwaka 1650 kwa hukumu ya mkaguzi wa mfalme, Francisco de Nestares Marín. Sarafu zake zilishushwa thamani, na zilizoruhusiwa kuendelea kutumika zikapigwa alama ndogo zenye taji. Kuanzia 1652 sura ya sarafu za Potosí ikabadilishwa kabisa, zikawekwa nguzo mbili na mawimbi ya bahari, ili mtu aitambue fedha mpya bila kuuliza. Angalieni tofauti: Rocha alipopunguza fedha alinyongwa. Mfalme alipopunguza fedha, alisaini amri.

Reale nane zilipaswa kuwa safi kwa sababu zilitumika ugenini, na mtu wa ugenini halazimishwi na amri ya Madrid. Zilifika hadi pwani yetu. Septemba 1776 Mfaransa Morice alipoandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa elfu moja kwa mwaka, bei ilipangwa kwa piasta, jina ambalo Wafaransa waliziitia reale nane za Kihispania: 20 kwa kila mtu, na nyingine mbili za Sultani. Fedha nzuri ya Hispania iliweza kununua binadamu Kilwa. Vellón haikuweza kununua chochote nje ya mpaka wake, na kwa hilo mimi naiona haina damu nyingi mikononi kama ile ndugu yake inayong'aa. Ni pesa ya chumvi, ya mshumaa, ya sadaka kanisani.

Muda unakwenda, na najua kuna anayetaka kuanza. Basi maneno machache ya vitendo.

Nunua mizani ya sonara inayosoma sehemu za mia za gramu, na lenzi inayokuza mara kumi. Usisafishe. Nasema tena, usisafishe. Ndimu, siki, dawa ya kusugulia masufuria, vyote hivyo vinakula kile kingozi cha fedha kilichonusurika karne tano, na sarafu inageuka kipande cha shaba chenye aibu. Sarafu yenye uchafu wa udongo iloweke katika maji yaliyochujwa chumvi zote, siku kadhaa, ukibadilisha maji. Ukiona unga wa kijani kibichi unaochomoza na kurudi hata ukiufuta, hiyo ni kutu hai ya shaba inayolishwa na chumvi. Itenge sarafu hiyo na wenzake, iweke pakavu, na tafuta mtu anayejua kuitibu.

Bandia za kisasa mara nyingi zimemiminwa, hazikugongwa. Tazama usoni kama kuna vitundu vidogo vya hewa, na ukingoni kama kuna mstari wa kuunganisha pande mbili. Sarafu iliyogongwa huwa na ukingo uliopasuka hapa na pale, kwa sababu madini yalisukumwa kwa nguvu.

La mwisho ni sheria. Hispania ina sheria ya urithi wa taifa ya mwaka 1985. Kinachofukuliwa ardhini ni mali ya umma, si ya mwenye kifaa cha kutafutia madini, na kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 100 hakitolewi nchini bila kibali. Kwa hiyo nunua kwa muuzaji mwenye leseni, dai risiti inayoeleza sarafu ni ipi, na uitunze risiti hiyo pamoja na sarafu. Asiyetaka kununua na akabahatika kufika Madrid, aende Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia au makumbusho ya kiwanda cha sarafu, Casa de la Moneda. Mwanakondoo wa Juan wa Kwanza usiache kumwulizia.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumzia stempu za Zanzibar zilizopigwa chapa upya baada ya Mapinduzi. Kwaherini.